Filamu za polisi zawapotosha wanafunzi wetu

Mnamo mwaka wa 2011, nikiwa mwalimu katika shule moja ya malazi ambayo sitaitaja jina, bweni la wavulana liliteketea usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa rehema za Mola hakuna aliyefariki. Jioni ya Ijumaa hiyo, mvulana wa Kidato cha Tatu mwenye umri wa miaka 16 alichukuliwa akapelekwa kituoni, na kufikia Jumamosi asubuhi alikuwa amekwisha kutia sahihi karatasi iliyosema kwamba yeye ndiye aliyemwaga mafuta ya taa na kuwasha kibiriti.

Nilipoenda kumwona, nilimwuliza kwa nini alikiri. Alinijibu kwamba aliambiwa maabara imekwisha kupata alama za vidole vyake kwenye mtungi wa mafuta. "Mwalimu," akasema, "kama maabara imesema, mimi ni nani nibishe?" Usiku wa moto alikuwa na homa kali, na baada ya kuhojiwa kwa muda mrefu alianza kuamini kwamba labda aliamka katika maluweluwe, akatenda asilolikumbuka.

Hakukuwa na maabara yoyote. Mtungi wenyewe ulikuwa wa plastiki, na ulikuwa umeyeyuka ukabaki donge jeusi. Lakini kila Jumamosi usiku, katika ukumbi wa maakuli, wavulana wetu walikuwa wakitazama filamu ya mfululizo kutoka Marekani ambamo alama ya kidole huokotwa asubuhi na mwenyewe akatiwa mbaroni kabla ya adhuhuri. Sina budi kukiri, maadamu leo tunazungumza habari za kukiri, kwamba diski hizo nilikuwa nikizileta mimi.

Filamu yenyewe ni CSI: Crime Scene Investigation, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka wa 2000 na kuendelea hadi 2015, na ambayo imezaa nyingine nyingi za aina yake. Mandhari yake ni jiji la Las Vegas, na mhusika wake mkuu wa miaka ya mwanzo, Gil Grissom, ni mtaalamu wa wadudu. Sikusudii kuibeza. Inasisimua, na imewafanya vijana wengi kutamani sayansi kuliko sisi walimu tulivyoweza kwa chaki na ubao. Ila mtazamaji asipokumbushwa kwamba anatazama hadithi, huondoka na imani mbili: kwamba sayansi hujibu kila swali upesi na bila shaka, na kwamba mshukiwa akikiri, kesi imekwisha. Imani zote mbili si za kweli, na zikikutana katika kichwa cha mtoto aliyefungiwa chumbani na watu wazima wawili, huzaa yale yaliyompata mwanafunzi wangu.

Hebu tuanze na maiti, kwa kuwa huko ndiko filamu huanzia. Daktari huinama, hugusa shingo, kisha husema kwamba marehemu alifariki kati ya saa nne na saa nne na nusu usiku. Hakuna daktari mwaminifu duniani awezaye kusema hivyo kwa kuiangalia maiti pekee. Ni kweli kwamba mwili hupoa baada ya roho kutoka, na vitabu hutaja kadiri ya digrii moja kwa kila saa. Lakini mwili hupoa kwa kulingana na mahali ulipo. Maiti iliyolala nje Limuru usiku wa Julai, katika baridi na umande, hupoteza joto kwa kasi. Maiti iliyo katika chumba kisicho na madirisha Mombasa mwezi wa Machi, ambapo hewa yenyewe ina joto la digrii 32, haina pa kupelekea joto lake. Mnene hupoa polepole kuliko mwembamba, aliyevaa koti kuliko aliye kifua wazi. Isitoshe, hesabu hiyo huanza kwa kudhani kwamba marehemu alikuwa na joto la kawaida la digrii 37. Lau alikuwa na malaria na joto lake lilikuwa limefika 39, daktari asiyelijua hilo atakosea kwa saa mbili kabla hajaanza kukosea kwa sababu nyingine.

Kukakamaa kwa maiti nako kuna mashaka yake. Aghalabu huanzia taya na shingo baada ya saa mbili hadi nne, hukamilika mwilini kote kufikia kama saa 12, kisha hulegea siku ya pili. Joto huharakisha mambo hayo na baridi huyachelewesha, na mtu aliyefariki baada ya kukimbia au kupigana hukakamaa mapema zaidi. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Claus Henssge, aliunda chati mashuhuri ya kukadiria muda tangu kifo kwa kutumia joto la mwili, joto la hewa, uzito na mavazi. Hata hali zikiwa nzuri kabisa, chati hiyo hukubali kosa la saa 2.8 mbele au nyuma. Yaani nafasi ya zaidi ya saa tano. Katika nafasi hiyo mtu aweza kutoka Nairobi akafika Kisumu kwa matatu. Ndiyo maana daktari akisimama kizimbani na kusema "ninakadiria", asidhaniwe kuwa hajui kazi yake. Anayepaswa kuogopwa ni yule asiyekadiria.

Kuhusu uchunguzi wa DNA, ambao vijana wetu huuona kama uaguzi wa kisasa, nitatoa mfano wa hapa nyumbani. Mnamo Aprili 2023 kazi ya kufukua makaburi ilianza katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya 400 ikatolewa ardhini. Wanapatholojia waliweza kuona kwamba wengi walikuwa wamekufa njaa, na kwamba baadhi yao walionyesha dalili za kukosa hewa au kunyongwa. Lakini kumjua kila mmoja wao alikuwa nani lilikuwa jambo jingine. DNA ya maiti peke yake haina jina. Ni lazima ilinganishwe na ya mzazi, mtoto au ndugu, na ndugu huyo ni lazima apatikane, akubali, atoe mate au damu. Aidha, mwili uliokaa mchangani katika joto la pwani huharibika, na DNA huharibika pamoja nao. Familia za kwanza zilikabidhiwa maiti za jamaa zao huko Malindi mwezi wa Machi 2024. Karibu mwaka mmoja! Kwenye filamu, kazi hiyo hufanywa huku muziki ukipigwa, kwa dakika moja na nusu.

Wala si upungufu wa Kenya pekee. Mwaka wa 2004, baada ya treni kulipuliwa mjini Madrid, wataalamu wa FBI walitangaza kwamba alama ya kidole iliyopatikana kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ilikuwa ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Wataalamu watatu walikubaliana. Polisi wa Uhispania walikataa, na mwishowe wakampata mwenye alama hiyo, mtu mwingine kabisa. Wakili yule alikuwa amezuiliwa kwa wiki mbili. FBI iliomba radhi, na serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2. Mwaka wa 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha huko huko Marekani kilichapisha ripoti nzito iliyosema kwamba, ukiondoa DNA, hakuna mbinu ya maabara iliyokuwa imethibitishwa kisawasawa kwamba yaweza kuunganisha ushahidi na mtu mmoja mahsusi kwa uhakika wa kudumu. Hiyo ndiyo nchi inayotuuzia filamu.

Sasa tugeukie kukiri, ambako ndiko kilele cha kila kipindi. Mshukiwa huketi mezani, mpelelezi humtupia picha, na baada ya maneno mawili matatu machozi humtoka na ukweli humfuata. Watazamaji hupumua. Watu wachache wanajua kwamba kesi ya kwanza ya mauaji duniani kutumia DNA ilianza kwa kukivunja kisa cha aina hiyo hiyo. Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua mbinu ya kutambua watu kwa DNA katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka wa 1984. Karibu na mji huo wasichana wawili walikuwa wamenajisiwa na kuuawa, mmoja mwaka wa 1983 na mwingine mwaka wa 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri mauaji ya pili. Polisi wakamwomba Jeffreys athibitishe kwamba alitenda na ya kwanza. Majibu yalipotoka, yalionyesha kwamba mtu mmoja ndiye aliyewaua wote wawili, na mtu huyo hakuwa kijana aliyekiri.

Polisi wakakusanya damu ya maelfu ya wanaume wa eneo hilo. Muuaji, Colin Pitchfork, hakunaswa kwa damu hiyo, kwa kuwa alimshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake. Alinaswa kwa sababu mwenzake huyo alifunua siri baani, na mtu aliyeyasikia maneno akapiga ripoti. Pitchfork alihukumiwa kifungo cha maisha Januari 1988. Basi tazama, msomaji: mashine ilimwokoa asiye na hatia, bali mwenye hatia alikamatwa na sikio la binadamu. Sijawahi kuiona filamu yenye ujasiri wa kumaliza hivyo.

Kwa nini mtu akiri asilolitenda? Kwa uchovu, kwa hofu, kwa homa, kwa kutaka kwenda nyumbani. Kwa kudanganywa kwamba ushahidi umekwisha patikana, ambayo ni hila iliyozoeleka katika filamu na ambayo mahakama za Marekani zimewaruhusu polisi wao kuitumia kwa kiasi kikubwa. Sheria yetu ilikwisha kuitambua hatari hii. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba maneno ya kukiri hayawezi kutumiwa dhidi ya mshtakiwa ila kama aliyatoa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi mwenye cheo kilichotajwa na sheria ambaye si yule anayeipeleleza kesi, tena kukiwa na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Karatasi aliyotia sahihi mwanafunzi wangu iliandikwa na mpelelezi yule yule, mlango ukiwa umefungwa, wala mzazi hakuwepo. Mbele ya hakimu isingekuwa na thamani ya wino wake. Lakini mtoto hakujua, na mimi mwalimu wake, mwenye shahada yangu ukutani, sikujua vilevile.

Nilichokijua ni maneno ya filamu: una haki ya kunyamaza, na kadhalika. Maneno hayo yalitokana na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka wa 1966 katika kesi ya Ernesto Miranda, na hata huko filamu huyakosea. Kule, onyo hilo hulazimika mtu aliye kizuizini anapotaka kuhojiwa, si kila pingu zinapofungwa. Na polisi wasipolitoa, kinachotupwa kwa kawaida ni maneno ya mshukiwa, si kesi nzima. Miranda mwenyewe alishtakiwa upya bila maneno yale, na akapatikana na hatia.

Hapa kwetu Katiba ya 2010 imekwenda mbali zaidi, na ni ajabu kwamba wanafunzi wetu waijua ya Arizona lakini hawaijui yao. Kifungu cha 49 kinataka kila anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Ana haki ya kuzungumza na wakili. Hawezi kulazimishwa kukiri. Ni lazima afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa saa hizo zikiishia wakati mahakama haziketi, ambapo muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Hiyo ndiyo sababu watu wengi hukamatwa Ijumaa jioni. Kifungu cha 50 nacho chasema kwamba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki hizi utakataliwa ikiwa kuupokea kutaharibu uadilifu wa kesi. Na kuhusu mtoto, Kifungu cha 53 chataka asizuiliwe ila ikiwa hakuna njia nyingine.

Kilichomwokoa mvulana wetu ni daftari. Muuguzi wa shule, mama mtaratibu ambaye wavulana walimcheka kwa kuandika kila kitu, alikuwa ameenda likizo asubuhi ile ile ya moto. Aliporudi Jumatatu na kusikia habari, alifungua daftari lake la zahanati. Humo alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino kwamba mvulana alilazwa Alhamisi saa moja na nusu usiku, joto digrii 39.4, malaria, akapewa dozi ya kwanza ya dawa saa mbili. Saa saba na robo usiku alitapika, shuka zikabadilishwa, joto 39.1. Kelele za moto zilisikika saa saba na nusu. Dozi ya pili alipewa saa kumi alfajiri, kama inavyotakiwa kuwa saa nane baada ya ya kwanza. Mlango wa zahanati ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa muuguzi. Mchana huo huo mvulana aliachiliwa. Hakuna aliyemwomba radhi, na mwaka uliofuata baba yake alimhamisha.

Yako makosa mengine ya filamu ambayo nitayapita haraka kwa kuwa madhara yake si makubwa. Kitambaa chenye klorofomu hakimlazi mtu kwa sekunde mbili. Huchukua dakika kadhaa, na kinaweza kumuua. Shujaa anayepigwa risasi begani kisha akaendelea kukimbia anasahau kwamba hapo hupita mshipa mkubwa wa damu na neva zote za mkono. Mwanasayansi wa maabara habebi bastola wala hakamati watu, na mwenye kuamua nani ashtakiwe hapa kwetu ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wale watu 12 wanaoketi pembeni kusikiliza kesi pia hawamo katika korti za Kenya. Enzi za ukoloni jopo kama hilo lilikuwa la Wazungu peke yao. Waafrika walikuwa na wazee wa baraza wa kumshauri jaji, na hao nao waliondolewa mwaka wa 2007. Na hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mzazi angoje saa 24 kabla ya kupiga ripoti kwamba mtoto amepotea. Hili la mwisho, kwa kweli, halistahili kupitwa haraka. Mzazi akiambiwa angoje, na akatae.

Limebaki moja ambalo ningependa walimu wenzangu walisikie kwa makini, hasa wale wanaofundisha wasichana. Filamu imewafunza vijana kwamba bila DNA hakuna kesi ya ubakaji. Nimewahi kumsikia msichana akisema kwamba hakuripoti kwa sababu alikuwa amekwisha kuoga, kwa hivyo "ushahidi umekwisha". Haukwishi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika makosa ya kingono, kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa pekee, mradi hakimu aridhike kwamba anasema kweli na aandike sababu zake. Mahakama ya Rufaa nayo imeamua kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari si mwisho wa kesi.

Hata hivyo, ushahidi huo una maana kubwa, na asiyeoga bado ni heri asioge. Nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi au zifungwe kwa gazeti, si katika plastiki, kwa maana unyevu huzivundisha na kuharibu kilichomo. Aende hospitali kwanza. Fomu ya P3 itafuata, na matibabu hayaingoji. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Za kuzuia mimba hufaa hadi saa 120. Mwalimu atakayeambiwa na mwanafunzi Ijumaa jioni akaamua kungoja mkutano wa Jumatatu asubuhi atakuwa amekwisha kuzimaliza saa nyingi za mtoto huyo.

Diski zile bado ninazo. Muhula huu nimeanza kuzionyesha tena, Jumamosi kwa Jumamosi, ila ninaisimamisha filamu mahali mshukiwa anapoketi mezani, na kuwauliza wanafunzi ni nani anayekosekana katika chumba hicho. Wiki ya kwanza walisema wakili. Wiki iliyopita msichana mmoja wa Kidato cha Pili alisema mama yake.